Injini Inayokuacha Ulale

Mmoja wenu vijana wa gereji aliniachia kikaratasi ndani ya boksi langu la spana wiki mbili kabla sijaacha kazi. Hakutia jina. Sijamjibu mpaka leo kwa sababu mimi huandika polepole. Niliishia darasa la nane, na hata huko shuleni mwalimu alikuwa akifuta ubao kabla sijafika mstari wa tatu. Sasa niko nyumbani, asubuhi ni ndefu, na hakuna gari linalonisubiri. Nitajibu. Lakini jibu lenyewe lilianza Migori, miaka ya tisini, na itabidi mnivumilie nianzie huko.

Nilifika gereji ya Fundi Okelo siku ya Jumatatu nikiwa nimevaa viatu vya kaka yangu, vilivyonizidi. Gereji ilikuwa karibu na daraja la mto Migori: mabati machache juu ya nguzo, shimo moja la kuingilia chini ya magari, na udongo uliokunywa oili mpaka maji ya mvua yalikuwa yakiteleza juu yake bila kuingia. Nilikuwa na haya sana wakati ule. Nilisimama pale tangu saa mbili mpaka saa nne bila kusema nimefuata nini, na watu wakadhani nasubiri gari langu.

Mwishowe Okelo mwenyewe alinijia. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa, mikono ambayo ungedhani aliazima kwa mtu mwingine.

"Wewe ndiye Odero?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kaa pale, egemea lile gurudumu. Funga macho. Sikiliza mpaka nikwambie inuka."

Ilikuwa pikapu ya kubebea mawe, imewashwa na kuachwa ikinguruma. Nilikaa. Mwanzoni nilisikia kelele tu. Baadaye kelele ikaanza kugawanyika: chini kulikuwa na sauti nzito, juu yake kitu chepesi kama mtu anayepepeta mtama kwenye ungo, na katikati kama pumzi. Mtetemo ulipita kwenye tairi ukaingia mgongoni mwangu. Nikaona ziwa, ingawa Migori mjini hakuna ziwa. Yalikuwa maji ya asubuhi, yametulia, na mtu mmoja mbali sana anapiga kasia bila kufika popote. Aliendelea kupiga kasia na mimi nikaendelea kumtazama, mpaka mkono ukanigusa bega.

"Umesikia nini?"

Nilitaka kudanganya, lakini uongo nao unahitaji maneno.

"Nililala, Jaduong'," nikasema. Hivyo ndivyo tunavyomwita mtu mzima kwa heshima, na hivyo ndivyo nilivyomwita mpaka mwisho.

Mafundi wengine walicheka. Yeye hakucheka. "Basi ni nzima," alisema. "Ingekuwa mgonjwa isingekuacha ulale."

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyofundishwa, kabla ya kujua spana namba kumi na namba kumi na mbili zinatofautianaje. Mlipokuwa mnanikuta saa saba mchana nimeegemea gurudumu na macho yamefungwa, mlisema Mzee Odero anapumzika. Baadhi yenu mlisema kwa sauti. Nilikuwa kazini.

Chombo cha pili alichonipa ni bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha unaiweka kwenye nozeli inayonyunyiza dizeli au kwenye pampu yake, mpini unaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, na injini inaanza kukusemesha peke yako. Mnaijua. Mpini wake umeingia shimo kidogo kwa sababu ya kichwa cha Okelo na baadaye kichwa changu.

Miaka mitano nilifanya kazi pale, nikawa fundi kamili, na nadhani katika miaka hiyo sikusema maneno ya kujaza ukurasa huu. Kisha Bi Zuhura akatuhamisha.

Bi Zuhura alikuwa mjane kutoka Mombasa. Mumewe alikuja huku na biashara ya samaki, akafariki, na watu wakangoja mama afunge virago arudi pwani. Hakurudi. Aliongeza magari. Alikuwa na duka Homa Bay mjini, na nyuma ya duka uwanja mkubwa wenye ukuta. Kiswahili changu nimekipata kwake. Ukimwambia "gari yangu imeharibika", alikujibu kwanza, "Gari langu limeharibika," halafu ndipo akakuonea huruma. Alimwomba Okelo ahamie kwenye uwanja wake atunze magari yake, naye Okelo akasema hatahama bila mimi. Sikujua nilikuwa na thamani hiyo. Nilibeba boksi la spana nikamfuata.

Wakati huo magugu ya majini yalikuwa yameanza kufunga ghuba ya ziwa. Waliokuwa wadogo hawawezi kuamini: ziwa lilikuwa kijani mpaka mbali, limechanua maua ya zambarau, ukiangalia asubuhi kwenye ukungu ungesema ni shamba ambalo mtu angeweza kutembea juu yake. Lilikuwa zuri kutazama. Kwa wenye boti lilikuwa balaa. Samaki waliokuwa wakija Homa Bay kwa maji wakaanza kuja kwa barabara, kutoka Karungu na Sindo, juu ya barafu, ndani ya makasha makubwa yaliyobebwa na pikapu. Ndiyo sababu kila mfanyabiashara wa samaki alianza kuuliza swali moja: pikapu ya kampuni gani?

Majina ya kampuni sitayaandika. Zote mbili mnazijua, mashabiki wake hugombana kama mashabiki wa mpira, na mimi nimezeeka, sitaki kufuatwa nyumbani. Sisi uwanjani tulikuwa na pikapu moja ya kila kampuni, zote za dizeli, zote za kubeba mzigo mzito, na tulizipa majina ya Kijaluo. Moja tuliiita Dhiang', yaani ng'ombe. Nyingine tuliiita Diel, yaani mbuzi.

Dhiang' ilikuwa injini ya sauti nzito. Dizeli yake hupigwa moja kwa moja juu ya pistoni, kwa hiyo inapiga kwa nguvu, kama mtu anayepasua kuni. Asubuhi ya baridi ilikuwa ikiwaka bila kupashwa moto. Mbele yake kulikuwa na gia za chuma mahali ambapo wengine huweka mkanda, na pampu yake haikujali sana kama dizeli imekaa kwenye pipa lenye kutu. Ilipanda mlima polepole, ikitafuna.

Diel ilikuwa tofauti. Dizeli yake huingia kwanza katika chumba kidogo, inawakia humo, ndipo inashuka kwenye pistoni. Kwa hiyo sauti yake ilikuwa nyembamba na laini. Ilibidi ungoje taa ya kupasha moto izimike ndipo uwashe, na dereva asiye na subira aliiua betri. Ilikuwa na mkanda wa kubadilishwa kwa wakati wake, na pampu iliyolainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo tone la maji lilikuwa ugonjwa kwake. Lakini kwenye barabara iliyonyooka, na makasha yamejaa, ilikuwa inaruka.

Okelo alikuwa mtu wa Dhiang'. Alikulia ndani ya injini za aina ile. Diel aliitunza vizuri, kama mtu anavyomtunza mgeni.

Dereva wa Diel alikuwa Chacha, Mkuria wa Kehancha, mrefu, mwenye mdomo usiochoka. Yeye na mimi tulikuwa marafiki kwa sababu alihitaji mtu wa kumsikiliza. "Odero," alikuwa akisema mbele ya watu, "huo mdomo wako ulikazwa na spana namba ngapi? Niambie nikaazime." Wakati huo alikuwa anajenga nyumba kwao, imefika kwenye lenta, na kila safari alituambia imebaki mabati mangapi.

Bi Zuhura aliamua kununua pikapu tatu mpya. Hakutaka kusikia maneno ya wauzaji. "Mimi nitaziuliza zenyewe," alisema. Akapanga shindano la wiki moja. Kila siku Dhiang' na Diel zingetoka Karungu pamoja baada ya samaki kupimwa, kila moja na makasha sawa na barafu sawa, zipite Ndhiwa na Rodi mpaka Homa Bay. Kule uwanjani barafu iliyobaki ingechotwa, ya kila gari kwenye karai lake, na makarai mawili yangewekwa juu ya meza akina mama wanunuzi wayaone. Aliyefika vizuri ana barafu. Halafu matangi yangejazwa, ijulikane nani amekunywa zaidi. Chacha angeendesha Diel na mimi ningeendesha Dhiang'. Na hakuna ruhusa ya kusaidiana njiani.

Pampu ya Diel ilikuwa inavuja, kwa hiyo Jumapili Okelo aliifungua, akaitia sili mpya na kuirudisha mwenyewe. Alama ya kiwandani, ya kuonyesha pampu ikae wapi, ilikuwa imefutika siku nyingi. Kifaa cha kupimia kilikuwa Kisumu. Yeye alifanya kama alivyofanya siku zote: aliwasha injini, akalegeza nati za pampu kidogo, akaishika kwa mikono yote miwili na kuizungusha taratibu, akisikiliza. Ukiileta pampu mbele, injini inapiga mapema na kugonga. Ukiirudisha nyuma, inakuwa nzito na kutoa moshi mweupe. Katikati kuna mahali pamoja ambapo inaimba. Aliizungusha muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akatabasamu, akakaza. Msifanye hivyo kwa mikono yenu. Leo vifaa vipo.

Jumatatu, kwenye mwinuko wa kabla ya Rodi, niliikuta Diel imesimama kando ya barabara. Boneti lilikuwa wazi na mvuke unapanda, mweupe, juu ya nyasi. Chacha alikuwa amekaa kwenye jiwe na kibuyu cha maji. Nilipunguza mwendo.

"Nenda tu, omera," alisema, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Sheria ni sheria. Mwambie Bi Zuhura nimekaa na mbuzi, tunangoja apoe."

Nilienda. Kwenye kioo nilimwona akiwa mdogo, halafu mvuke ukamfunika. Jumanne ilikuwa hivyo hivyo, pale pale. Jumatano pia, lakini Jumatano Chacha hakutania. Aliinua mkono tu.

Jumatano hiyo makarai yaliwekwa mezani kwa mara ya tatu. La Dhiang' lilikuwa na kilima cha barafu. La Diel lilikuwa na maji, na vipande viwili vikielea. Mama mmoja mnunuzi aliingiza kidole kwenye kasha la Chacha, akakinusa, akasema, "Huyu samaki amesafiri kwa miguu."

Wote walicheka. Bi Zuhura hakucheka.

"Chacha," alisema, "siku tatu unachemsha gari langu."

"Bi Zuhura, si mimi. Gari linagonga. Linapata joto hata kwenye tambarare."

Akamgeukia Okelo. "Fundi, gari linagonga?"

Okelo alikuwa ameshafungua boneti na kusikiliza. "Gari ni zima," alisema. "Linaimba vizuri kuliko siku zote. Labda anapanda na gia kubwa."

"Mimi?" Chacha alisema. "Miaka yote naendesha hii, leo ndiyo nimesahau gia?"

"Basi mmoja wenu anakosea," Bi Zuhura alisema, "na fundi huyu sijawahi kumwona akikosea." Alisema kwa upole, na hapo ndipo ilipokuwa mbaya. "Jumamosi utanirudishia ufunguo. Diel nitaiuza. Pikapu zote tatu zitakuwa za kampuni ya Dhiang'."

Chacha alienda akakaa kwenye kivuli cha ukuta na kuanza kutazama mikono yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona hivyo.

Ilikuwa karibu saa saba. Diel ilikuwa bado inanguruma, kwa sababu ukiizima injini iliyochemka ghafla unaiongezea ugonjwa. Okelo, aliyekuwa amechoka na maneno, aliketi chini, akaegemea gurudumu lake la mbele kama tulivyozoea, akafunga macho. Baada ya muda mfupi kidevu chake kilishuka kifuani. Alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi kidogo.

Mimi nilizunguka nikaegemea gurudumu la upande wa pili. Nilifunga macho, nikangoja ziwa lije. Halikuja. Niliona maji kidogo, na yule mtu wa kasia kwa mbali, lakini kila alipotaka kupiga kasia kitu kilikuwa kinampiga mkononi kwa mlio mkavu. Kaa, kaa, kaa. Nikafumbua macho. Nikajaribu tena. Injini haikuniacha.

Nikainuka, nikachukua bisibisi ndefu, nikaiweka kwenye pampu. Na hapo nikasikia vizuri kabisa. Diel ilikuwa inapiga mapema mno. Pampu ilikuwa imeletwa mbele. Mbuzi yule alikuwa ametiwa sauti ya ng'ombe. Ndiyo maana kwa Okelo alikuwa "anaimba": aliizungusha pampu mpaka akasikia wimbo alioujua, na wimbo alioujua ulikuwa wa Dhiang'. Ile sauti nyembamba, yenyewe ya Diel, hakuisikia tena. Nilimtazama amelala, kichwa kimeegemea ile fujo, uso umetulia, na nikaelewa kwamba masikio yake yameondoka.

Sasa ilibidi nimwambie. Ningekaa kimya, Chacha angerudi kwao na nyumba isiyo na paa, kwa kosa lisilo lake. Ningesema mbele ya Bi Zuhura, ningemvua Okelo nguo hadharani. Nilingoja aamke. Alipoamka nilimwendea, maneno yamejaa mdomoni, na yaliyotoka ni haya: "Jaduong', nikuletee chai?"

Nikamletea chai. Akanywa. Nikamwendea tena, na tena nikaleta chai. Kikombe cha tatu alikitazama, akanitazama mimi. "Odero, unataka nijae kama rediyeta?"

Nikaenda nyuma ya pipa. Nikachana kifuniko cha boksi la filta, nikatafuta kalamu, nikaanza kuandika. Bi Zuhura alikuwa amemaliza kuswali adhuhuri nilipoanza. Nilipomaliza alikuwa anatandika mkeka kwa ajili ya alasiri. Na yalikuwa maneno haya tu:

*Jaduong' Okelo. Diel inagonga. Pampu imeenda mbele. Leo umelala karibu nayo. Mimi sikuweza. Chacha hana makosa. Ni mimi Odero.*

Nilimkabidhi karatasi hiyo nikasimama mbele yake, kwa sababu ningekimbia ningeonekana zaidi. Aliishika mbali na macho. Alisoma polepole, akarudia. Alifika kwenye "umelala", akaweka kidole gumba pale, akakaa. Kule ziwani ndege wachache walikuwa wanatembea juu ya magugu.

"Umejua lini?" aliuliza.

"Leo," nikasema. Hakusikia. Nikasema tena kwa nguvu, na ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti mbele yake.

"Mimi nilijua tangu mwaka jana," alisema. "Mwanzoni nilifikiri kampuni zimeanza kutengeneza magari ya kunong'ona." Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati. "Lete spana ya kumi na mbili."

Tuliiwasha Diel. Alilegeza nati, akaishika pampu kwa mikono yake mikubwa. Mimi nikaweka bisibisi, nikabana mpini kwenye mfupa wa sikio. Hatukupanga ishara, zilikuja zenyewe. Kidole kimoja, rudisha nyuma. Viwili, lete mbele. Nilimwonyesha kimoja. Akarudisha kidogo, upana wa ukucha. Kimoja tena. Kaa, kaa, ikawa ka, ka, halafu kule kugonga kukayeyuka ndani ya sauti, na chini yake ikatokea ile nyembamba, laini, kama mtu anayepepeta mtama. Nikafunga ngumi. Akakaza. Hakuisikia, lakini alinitazama usoni, na nadhani aliiona.

Kisha akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akavaa koti lake, akaenda dukani kwa Bi Zuhura. Niliwasikia kupitia dirisha kwa sababu ilibidi Bi Zuhura azungumze kwa nguvu.

"Nimemtukana mtoto wa watu siku tatu, Fundi!"

"Ndiyo. Ulimtukana kwa makosa yangu."

"Na nani amelisikia hilo?"

"Odero."

"Odero hasemi."

"Aliandika."

Halafu Bi Zuhura akatoka, amejifunga mtandio vizuri, akavuka uwanja mpaka kwenye ukuta alipokaa Chacha. Akina mama wa samaki walikuwa bado wanakusanya vikapu vyao. Alihakikisha wanamwona.

"Chacha, mwanangu, nilikuonea. Nisamehe. Ufunguo ni wako."

Chacha aliinuka. Kisha akasema, "Na huyu mama aliyesema samaki wangu wametembea kwa miguu, yeye hatasema kitu?"

"Walikuwa wametembea," yule mama akajibu, na uwanja wote ukacheka, Chacha naye.

Shindano likaanza upya. Alhamisi Diel ilifika kabla yangu. Ijumaa hatukusafiri, Bi Zuhura alifunga duka kwa ajili ya sala. Usiku wa kuamkia Jumamosi mvua ilinyesha, ule udongo mweusi wa Ndhiwa ukawa uji, na Dhiang' ikapita ikitafuna matope huku Diel ikitafuta pa kushika. Niliingia uwanjani mbele kidogo. Makarai yalikuwa karibu sawa. Kwa dizeli, Dhiang' ilikuwa imekunywa kidogo kuliko mwenzake, siku zote mbili.

Bi Zuhura alitazama makarai, halafu akanigeukia mimi, mbele ya wote. "Wewe mwenye masikio. Niambie ipi."

Mafundi wengi mmeniuliza swali hilo, na huwa naondoka bila kujibu. Siku ile sikuwa na pa kuondokea.

"Bi Zuhura," nikasema, "Dhiang' inasamehe. Ukichelewesha oili, inasamehe. Ukiipa dizeli chafu, inasamehe. Diel haisahau. Lakini dereva anayeijua, itamfikisha mapema."

"Na wafanyakazi wangu ni wa kusamehewa au wa kukumbushwa?"

"Mimi nimeshaombwa msamaha," Chacha alisema, "nipeni ile isiyosahau."

Alinunua mbili za kampuni ya Dhiang' na moja ya kampuni ya Diel. Hiyo moja aliiendesha Chacha, na kila asubuhi alingoja ile taa izimike ndipo awashe, akihesabu kwa Kikuria.

Okelo hakufukuzwa. Bi Zuhura alisema kwamba amezoea kuwa na fundi mmoja, na kama sasa amegawanyika katika watu wawili, basi alipwe kama wawili. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi, mikono yake na sikio langu. Wageni walidhani tumetoka shule ya viziwi kwa jinsi tulivyozungumza kwa vidole. Alirudi kwao Rongo siku aliyoamua mwenyewe. Ile karatasi ya boksi la filta aliondoka nayo. Mimi alinipa bisibisi.

Sasa nakujibu wewe uliyeniandikia.

Mwaka huu baada ya Pasaka mliniachia ile pikapu ya kijani, ya mwenye duka la mbao. Niliegemea gurudumu, nikafunga macho, na ziwa likaja mara moja. Maji yalikuwa yametulia sana. Yule mtu wa kasia alikuwa pale, anapiga kasia, ila safari hii hakukuwa na sauti yoyote, wala ya maji. Nililala vizuri. Niliamka nikamwambia mwenye gari ni zima, na akaondoka nalo.

Kesho yake nilikuta kikaratasi chako: *Mzee, ile ya kijani inagonga. Samahani.*

Mwandiko wenyewe ulionyesha ulikaa nao muda mrefu. Nilihesabu mahali ulipofuta. Sikukasirika. Nilikaa na kidole gumba juu ya neno la mwisho, nikamkumbuka mtu. Nilienda nikampigia mwenye duka la mbao alirudishe, mkalirekebisha, na hakuna aliyeniuliza kitu. Tangu hapo nimejaribu. Ninalala karibu na injini yoyote. Ninalala karibu na posho mili inayosaga mahindi.

Ulikuwa sahihi. Bisibisi nimeiacha kwenye msumari juu ya benchi, pale kwenye kona. Ni yako. Usiniambie jina lako. Wakikuona nayo sikioni watajua. Na siku ukiwa na pampu isiyo na alama, na hakuna mtu mwenye mikono ya kutosha, nitumie mtu nyumbani nije. Nitaishika mimi. Wewe nionyeshe vidole.